Siku Saba za Kisumba

Ame aliipendekeza makala ya Nadra ifutwe siku ya Jumatatu saa nne asubuhi. Saa sita mchana akamwandikia kwenye simu kumuuliza kama ameshakula.

Nadra alikuwa hajaiona habari ya kwanza, kwa hiyo aliijibu ya pili. Alisema ameshakula, wali na mchuzi wa changu, na yeye je? Ame akajibu kuwa naye ameshakula. Yakaishia hapo. Hawakuwa watu wa kuandikiana maneno marefu. Ujumbe wao wote wa mwaka mzima ungeweza kusomwa na mama wa yeyote kati yao, na mama huyo angefika mwisho asijue kama amesoma mapenzi.

Aliyeliona mwanzo tangazo la kuifuta ni Bi Khairat, mama yake Nadra.

Bi Khairat hakuwa mtu wa mitandao, lakini makala ile aliifungua kila siku baada ya chai, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Binti yake ndiye aliyeiandika. Ilikuwa inahusu kisumba, ngoma ya wanawake wa kwao Bwejuu, na ilikuwa ndani ya kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anayejua Kiswahili anaweza kuisoma bure popote alipo. Bi Khairat aliwatumia ndugu wote. Waliokuwa Muskati walijibu kwa sauti, wakapiga na vigelegele.

Siku hiyo alikwenda na simu yake mkononi mpaka Mlandege, kwenye duka la vitabu na vifaa vya shule ambako Nadra alikuwa akiuza.

"Nadra."

"Naam, mama."

"Hebu nisomee hiki. Miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani ilikuwa usoni pake. Nadra alipokea simu akasoma kwa sauti ndogo. Juu ya makala palikuwa na kisanduku chekundu. Kilisema makala imependekezwa kufutwa, majadiliano yatadumu siku saba, na sababu ni kwamba hakuna chanzo huru kilichochapishwa kinachoonyesha kuwa ngoma hiyo inastahili makala.

"Inastahili," alisema Bi Khairat. "Na hapo chini pana jina la nani?"

Nadra alianza kupanga penseli ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Jina la nani, mwanangu?"

"Ame Kificho."

"Ame Kificho yupi? Maana mie namjua mmoja tu. Yule ambaye wazee wake walikaa sebuleni kwangu Ijumaa, wakala sambusa zangu kumi na moja, wakaniomba mtoto."

"Ndiye huyo huyo."

Bi Khairat alivuta kiti cha wateja akakaa. Hakupandisha sauti. Nadra angependa apandishe.

"Tumewaambia waje Jumapili wachukue jawabu," alisema. "Mie nilikuwa sina neno. Nilisema ni Mtumbatu, wakaidi wale, lakini kijana ana adabu, anasali, ana kazi yake. Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu bado mposaji tu, na keshataka kuifuta ngoma ya bibi yako. Akishakuwa mume atafuta nini?"

"Mama, zile ni sheria za pale. Mtu haandiki jambo mpaka liwe limeshaandikwa mahali pengine."

"Sasa la mwanzo linaandikwa vipi?"

Nadra alimrudishia simu yake. Aliwahi kuuliza swali hilo hilo mwaka uliopita, katika warsha iliyofanywa ukumbi mmoja wa Shangani, watu kumi na wawili na kompyuta sita. Hakuuliza kwa mdomo. Aliliandika kwenye kikaratasi akakiacha mezani kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa Ame, mchora ramani katika kampuni ya wapima ardhi, ambaye jioni na siku za mapumziko alijitolea katika kamusi ile. Alikuwa mkabidhi, yaani mmoja wa wachache waliopewa uwezo wa kufuta makala na kufunga mijadala. Alikisoma kikaratasi, akawatazama watu wote kumi na wawili, na macho yake yakasimama kwa Nadra kana kwamba kikaratasi kilikuwa na sahihi.

"Sijui," alisema mbele za watu. "Hilo ndilo swali gumu kuliko yote."

Nadra alimpenda kuanzia pale, ingawa ilimchukua miezi minne kujua kuwa ndivyo ilivyokuwa.

* * *

Jumanne Ame alikuja dukani. Kila alipokuja alinunua rula. Nadra aliwahi kujiuliza nyumbani kwao zimeshafika ngapi.

"Nataka rula," alisema.

"Ya sentimita thelathini?"

"Yoyote."

Nadra aliiweka juu ya kaunta. Ame hakuichukua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipokuwa na wasiwasi aliangalia vitu kana kwamba anavipima.

"Umeona," alisema.

"Mama ameona."

"Lahaula. Bi Khairat?"

"Amekuja mpaka hapa. Amekaa kiti hicho."

Ame alikitazama kiti, akahama hatua moja kukiacha mbali.

"Ningeweza kukwambia kabla," alisema. "Nilishika simu Jumatatu asubuhi nikaandika. Nikafuta."

"Unafuta sana siku hizi."

Alisema polepole, na papo hapo akaona aibu kuwa amesema. Lakini Ame alicheka, na Nadra akainua macho. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao mpaka siku hiyo: mmoja akicheka, mwingine akainua macho, kisha wote wawili wakarudi kuangalia kaunta.

"Nisikilize," alisema Ame. "Kuna mhariri mmoja, Masoud, yeye alitaka ifutwe papo hapo bila mjadala. Alikuwa na haki. Haina rejeo hata moja. Njia pekee ya kumzuia ilikuwa mimi mwenyewe niipeleke kwenye mjadala, ipate siku saba. Ningekwambia kwanza, watu wangesema nimepanga na wewe."

"Kwa hiyo umeipendekeza ifutwe ili isifutwe."

"Ili isifutwe bila kutafutiwa. Nikipata chanzo kimoja tu, kitabu, gazeti, ripoti, mtu asiyehusika aliyeandika juu ya kisumba, nitakuwa wa kwanza kusema ibaki."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa itafutwa, na nitaifuta mimi." Aliichukua rula, akaishika kwa mikono miwili. "Sitaki nikudanganye, Nadra. Naipenda kazi ile kwa sababu hiyo. Pale mtu haaminiwi kwa jina lake wala kwa uso wake."

Nadra alimwangalia uso wake. Ulikuwa uso ambao yeye angeuamini bila rejeo lolote. Alimrudishia chenji.

* * *

Alhamisi alirudi, shati lina vumbi mabegani, na hakuomba rula.

"Nimekipata."

Alikuwa amechukua likizo siku mbili akakaa katika nyumba ya nyaraka akipekua majalada. Alitoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi tatu za nakala. Ilikuwa ripoti ya miaka ya sabini, iliyopigwa taipu, juu ya ngoma za pwani ya mashariki. Aliyeiandika alikuwa Ubwa Hamad, afisa utamaduni. Kisumba ilipewa ukurasa mmoja na nusu.

"Soma," alisema Ame. "Soma kwa sauti, nataka nisikie."

Nadra alisoma. Kisumba, aliandika Ubwa Hamad, ni ngoma ya kuombea samaki. Huchezwa na wanawake saba, si zaidi wala pungufu, kwa kimya kabisa, wakielekea baharini. Siku tatu kabla ya ngoma wachezaji hawali pilipili. Magongo wanayoshika ni ishara ya makasia.

Alifika mwisho akaanza tena juu.

"Ukurasa mmoja na nusu!" alisema Ame. "Mtu huru, ripoti rasmi, jina, mwaka. Masoud hana la kusema. Itabidi makala uiandike upya ifuate hii, yale uliyoandika kuwa ni ngoma ya harusi uyatoe, lakini itabaki. Nimeshaiweka kwenye mjadala." Kisha kwa sauti ya chini, bila kuangalia chochote ila yeye: "Nilitaka Jumapili wazee wangu wakija, Bi Khairat awe hana sababu ya kunichukia."

"Ahsante, Ame."

"Hukufurahi?"

"Nimefurahi."

Alikuwa amefurahi kweli. Hakuna mtu aliyewahi kukaa siku mbili vumbini kwa ajili yake. Lakini utotoni aliisikia kisumba mara tatu, amesimama na watoto wenziwe nje ya ua wa makuti. Mara zote tatu kulikuwa na harusi, kelele zilisikika mpaka barabarani, na wanawake waliokuwa ndani walikuwa hawahesabiki.

* * *

Bibi yake, Bi Kurwa, alikuwa uani Bwejuu ameketi juu ya mkeka, akisokota kamba kwenye paja. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamekwenda kusali. Wanawake wa huko hufukia makumbi ya nazi pwani, huyaacha maji yaingie na kutoka kwa miezi, kisha huyafukua na kuyagonga kwa magongo mpaka kumbi ligeuke nyuzi laini za usumba. Kwenye kugonga huko ndiko ilikotoka ngoma. Hayo Nadra alikuwa ameyaandika katika makala yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huyo Mtumbatu anakulisha maneno tu?"

"Bado hajanilisha kitu, bibi. Nimekuja kukusomea."

Alimsomea ukurasa mmoja na nusu. Aliposema samaki, Bi Kurwa aliacha kusokota. Aliposema wanawake saba kwa kimya, alijifunika mdomo kwa kanga. Aliposema pilipili, alianguka ubavu juu ya mkeka, na Nadra akaogopa.

"Bibi! Bibi, una nini?"

"Ya pilipili," alisema Bi Kurwa, machozi yakimtoka, "ya pilipili niliitia mie."

"Mlimdanganya?"

"Kwani tungefanyaje? Alikuja na daftari na redio ya kunasia sauti. Mtu mwema, maskini, alituletea sukari. Tukakutana kisimani alfajiri, kila mmoja akapewa kipande chake cha kusema, asije mmoja akamgonga mwenzake. Tulikuwa saba, ndiyo maana kaandika saba. Wa nane alikuwa na homa."

"Lakini kwa nini? Ngoma ya harusi ina nini cha kuficha?"

Bi Kurwa aliketi vizuri, akajifuta macho. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, akahesabu kitu kichwani mwake.

"Wazee wa kijana wanakuja lini?"

"Jumapili."

"Basi muda wako umefika. Sogea."

Nadra alisogea.

"Siku ya kisumba," alisema Bi Kurwa, "imebaki siku tatu harusi. Wanawake wote wako uani, wanagonga, kelele huwezi kusikia hata jina lako. Bibi harusi anapewa gongo. Akigonga pamoja nasi, harusi ipo. Akiliweka chini, hapana mtu anayemuuliza. Hapana anayemtazama hata. Tunaendelea kugonga mpaka mwisho, tunaimba, tunakula, tunakwenda zetu. Kesho yake anapatikana mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Yeyote. Mama mtu, bibi mtu, shangazi. Harusi inaahirishwa. Mgonjwa hapati nafuu. Inaahirishwa tena. Mpaka upande wa pili wachoke wenyewe, na heshima ya kila mtu ipo pale pale. Mie nimeumwa mara mbili kwa ajili ya watoto wa watu. Mara ya pili nililala kitandani siku kumi na mbili, mzima kama jiwe, naletewa uji nisioutaka."

"Na wanaume hawajui?"

"Wanajua kuwa wanawake wa Bwejuu wanaugua sana."

Nadra alitaka kucheka, ikamshinda. Alizitazama zile karatasi tatu mapajani mwake.

"Bibi, ripoti hii ikiaminiwa, makala inabaki. Dunia nzima itasoma samaki na pilipili."

"Wacha wasome. Uongo ule tuliutengeneza kwa kazi hiyo hasa. Unafaa mpaka leo."

"Ame ndiye aliyeitafuta. Ataweka jina lake."

"Na akiweka?"

"Nitakuwa nimemfanya kama mlivyomfanya Ubwa."

Bi Kurwa alichukua kamba yake. Alisokota pima nzima.

"Huwezi kumwambia," alisema mwisho. "Nikikwambia wewe, nimekwambia wewe. Akijua mwanamume mmoja, ua ule hauna kazi tena. Na msichana wa mwakani atafanya nini?"

"Sitamwambia."

"Basi mwache afurahi na samaki wake, mke mwenzangu. Utaolewa, mama yako ataridhika, mambo yatakaa."

Ilikuwa kweli. Kila mtu angepata alichokitaka, na yeye hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, kazi ambayo tangu utotoni watu walimsifu kwayo.

* * *

Jumamosi asubuhi Nadra alifungua ukurasa wa mjadala akaandika neno moja chini ya maoni yote: Ifutwe. Akaweka jina lake. Kisha akamwomba ruhusa mwenye duka, akatembea hadi Vuga, ofisini kwa Ame. Hakuwahi kufika. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, mlango wazi kwenye ukumbi unaopita watu, na meza iliyofunikwa na ramani ya mashamba ya Makunduchi. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwenye ule ukurasa.

Ame alisimama. Hakumkaribisha kiti, alisahau.

"Umeandika ifutwe."

"Ndiyo."

"Makala yako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nimekula vumbi siku mbili, Nadra. Mpaka leo nikipenga kamasi ni nyeusi."

"Ahsante kwa hilo."

"Sitaki ahsante. Nataka sababu."

"Yaliyomo katika ripoti si kweli."

"Chanzo chako?" alisema Ame. Lilimtoka kwa mazoea, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Sina."

"Bibi yako amekwambia kitu."

"Siwezi kusema nimeambiwa nini, wala na nani."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na tukishaoana?"

Neno hilo halikuwahi kusemwa baina yao. Wazee walikuwa wakilisema, wao hapana. Wote wawili wakaitazama Makunduchi.

"Hata tukishaoana," alisema Nadra. Aliibana mikono chini ya kanga aliyojitanda. "Litakuwepo jambo moja ninalolijua mimi na wewe hulijui, mpaka tutakapozeeka. Halikuhusu wewe na si baya. Nimekuja nikwambie lipo. Ningeweza kunyamaza. Makala ingebaki, mama angekupenda, na wewe ungekuwa na furaha. Ungeweka jina lako kwenye uongo na mimi nimekaa pembeni nakutazama."

Ame alikaa. Alichukua penseli, akaiweka.

"Kwa hiyo Ubwa Hamad alichezewa."

Nadra aliivuta kanga yake vizuri.

"Mtu mzima, afisa, na daftari lake."

"Ubwa hakuwa amekwenda huko kuposa," alisema Nadra.

Ame alimtazama. Ulikuwa mtazamo mrefu, na Nadra, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshaangalia sakafu, hakuangalia sakafu. Ukumbini mtu alipita akiburuta kiti, akatoa salamu, hapana aliyemwitikia.

"Mtu mwingine angekwambia sawa sasa hivi," alisema Ame. "Mimi siwezi. Kwetu baba alikuwa na mambo yake asiyoyasema, na mama alikaa miaka thelathini akiambiwa niamini tu. Nilijiapia nyumba yangu haitakuwa hivyo. Nipe mpaka kesho."

"Kesho ndiyo siku ya jawabu."

"Najua."

"Na ukiona wazee wasije?"

"Nitakwambia mwenyewe. Sitamtuma mtu."

Nadra aliitikia kwa kichwa, akatoka. Alipofika barabarani aligundua kuwa hakuwa amelia, na kwamba huko nyuma, kwa jambo dogo kuliko hilo, angekuwa amelia tangu ngazini.

* * *

Simu haikulia usiku kucha, wala alfajiri. Saa mbili asubuhi ya Jumapili Nadra alifungua mjadala. Ame alikuwa ameandika:

"Naondoa chanzo nilichokileta Alhamisi. Sina imani nacho tena. Kwa kuwa nilikileta mimi, sistahili kuufunga mjadala huu, naomba mkabidhi mwingine aufunge. Maoni yangu: ifutwe."

Chini yake Masoud alikuwa ameshamrukia.

"Ripoti rasmi huna imani nayo? Ushahidi uko wapi?"

"Neno la mtu," alijibu Ame.

"Neno la mtu! Si wewe yakhe uliyeifuta makala yangu ya mganga wa Mangapwani, ukaniambia neno la mtu si chanzo?"

"Ni mimi."

"Basi leo imekuwaje?"

"Leo sina jibu. Ukitaka kunishitaki kwa wakabidhi wenzangu, una haki."

"Huyo mtu wako lazima ana kitu, si bure," aliandika Masoud, na hapo Ame hakumjibu. Wala hakuyafuta maneno yale, ingawa uwezo alikuwa nao.

Nadra aliyasoma hayo mara nne. Saa tano mkabidhi wa Dar es Salaam ambaye hakumjua yeyote kati yao alifunga mjadala. Ukurasa wa kisumba ulipofunguliwa ulisema hakuna makala yenye jina hilo. Ujumbe wa Ame uliingia dakika hiyo hiyo: "Wazee watakuja baada ya alasiri. Umeshakula?"

Alimjibu kuwa bado, na kwamba sasa atakula.

Bi Khairat alimkuta jikoni.

"Imekwenda," alisema, ameishika simu. "Amefanya kweli."

"Mimi ndiye niliyeomba ifutwe, mama."

Bi Khairat alimtazama. Hasira yake ilikuwa tayari, ikakosa pa kwenda.

"Ijumaa ulikwenda Bwejuu."

"Ndiyo."

"Mama kakwambia."

"Kaniambia."

Bi Khairat alifunga mlango wa jikoni, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mie niligonga," alisema. "Niligonga mpaka kiganja kikachubuka. Baba yako mpaka leo anadhani nilijichubua kwa kukuna nazi." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hajaamua kununua, "Na huyo kijana anajua nini?"

"Hajui kitu. Anajua tu kuwa lipo asilolijua."

"Na bado wazee wake wanakuja?"

"Wanakuja."

Bi Khairat alisonya, lakini alianza kukunja sambusa.

Walikuja watatu, wenye kanzu na kofia, wakaketi sebuleni na baba yake Nadra. Nadra aliwekwa chumba cha ndani, baina yao pazia tu. Alisikia salamu, hali za wagonjwa, bei ya karafuu, hali za wagonjwa tena. Kisha mzee mmoja akasema wamekuja kusikiliza, na baba yake akasema kwa upande wake hana kipingamizi, ila mwenye neno ni mwenyewe, aulizwe.

Ada yake ilikuwa nyepesi. Mama huingia, hukaa kidogo, hutoka na kusema mtoto kanyamaza. Watu husema alhamdulillahi. Msichana mwenye haya hatakiwi kufanya zaidi, na Unguja nzima hapakuwa na msichana mwenye haya kumshinda Nadra.

Bi Khairat aliingia. Alikaa ukingoni mwa kitanda karibu kabisa na binti yake, na sauti yake ilikuwa pumzi tu.

"Hapa hapana kelele za kukuficha," alisema. "Lakini kama hutaki, niambie kwa jicho. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Naweza kuanguka hapo hapo mlangoni."

"Usianguke, mama."

"Basi nikawaambie umenyamaza?"

"Hapana."

"Niwaambie nini?"

Nadra alisimama. Alijua kuwa pazia ni jepesi, na kuwa mama yake angeweza kuyabeba maneno yake na kuyatoa nje kwa niaba yake kama ilivyo desturi. Alivuta pumzi.

"Namtaka," alisema. Halikutoka sawasawa. Akalisema tena, kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. "Ame namtaka. Nimeulizwa na nimekubali mwenyewe."

Bi Khairat alijishika kifua. Upande wa pili vikombe vyote vilinyamaza. Mmoja wa wazee wa Tumbatu akakohoa.

"Tumesikia," alisema.